Mtoto Mchanga Hakoromi Bure

Kwa simu yangu kuna video ya sekunde 14 ambayo sijafuta. Ni ya mtoto wa binamu yangu, siku 8 tangu azaliwe, amelala chali kwa blanketi ya manjano, anakoroma. Na si kale kasauti ka mtoto mwenye pua imeziba. Anakoroma kama makanga wa usiku aliyezimika kwa kiti cha nyuma. Binamu yangu aliituma kwa grupu ya familia na kwa dakika chache tukaijaza vicheko. Mimi niliandika, "Huyu anarudi kutoka zamu ya usiku." Anti mmoja akasema hiyo ni koromo ya guka. Shosho naye akatuma voisi ya dakika nzima akimshukuru Mungu kwamba kidevu cha mzee kimerudi duniani.

Juu hiyo ndiyo ilikuwa stori ya wiki: kidevu. Mtoto alizaliwa na taya dogo la chini, limerudi nyuma, ukimwangalia kwa upande ni kama uso umeishia mdomoni. Guka, Mungu amlaze pema, pia hakuwa na kidevu cha kutajika. Kwa hivyo kila mtu aliridhika. Mtoto amefanana na watu wa kwao, nini tena?

Siku ya kumi akageuka buluu akinyonya. Midomo kwanza, halafu vidole. Binamu yangu akampindua, akampigapiga mgongo, akapiga nduru mpaka jirani akaja na viatu mkononi. Boda ikawafikisha hospitali ya karibu. Daktari aliyekuwa zamu, kijana tu, hakuuliza maswali mengi. Alimlaza mtoto kifudifudi, kichwa kimeangalia kando, na ile sauti ikapungua papo hapo. Binamu yangu anasema hapo ndipo alielewa. Kile tulikuwa tunaita koromo ni mtoto alikuwa anapigania hewa, na sisi tulikuwa tunarekodi.

Amenipa ruhusa niandike hii, bila jina lake, bila la mtoto, bila la hospitali yoyote. Wasee wangu mnanijua kwa mambo ya vichekesho. Leo mtanivumilia.

Wacha nieleze venye nimeelewa, kwa sababu hata mimi nilikuwa najua taya ni la kutafunia na kupigia picha. Ulimi umeshikiliwa kwa mbele na mfupa wa taya la chini. Taya likiwa fupi na limekaa nyuma, ulimi unakosa nafasi yake, unarudi kooni na kuziba njia ya hewa. Mtoto akilazwa chali inakuwa mbaya zaidi, maana ulimi wote unaangukia nyuma. Mara nyingi na kaakaa, ile paa ya mdomo, linakuwa limepasuka, kwa hivyo maziwa yanatokea puani. Madaktari wanaiita Pierre Robin, kwa jina la daktari Mfaransa wa meno na mdomo aliyeandika mwaka wa 1923 kuhusu watoto ambao ulimi wao unaangukia nyuma hivyo. Si laana. Si kitu mama alikula ama aliruka. Taya halikukua vizuri akiwa tumboni, basi.

Makadirio yanayotajwa sana ni mtoto 1 kati ya 8,500 hadi 14,000 wanaozaliwa. Ukichukua watoto milioni 1, hao ni kama 70 mpaka 120. Kenya inapata zaidi ya watoto milioni 1 kila mwaka. Si wengi, najua. Ni basi moja ama mbili za kwenda ushago Desemba. Lakini hebu simama kwa stendi uangalie hiyo basi ikijaa, halafu uniambie ni wachache.

Sasa tuje kwa taya la mtandaoni. Nyinyi mnajua. Vijana wanatafuna chingamu ngumu kama mpira wa tairi ndio wapate taya la kukata kama panga. Wengine wanabandika ulimi juu ya kaakaa siku nzima wakiamini mfupa utasonga. Kuna filta ya kukuongezea kidevu na kuna jamaa wanapimana pembe za mataya kama mafundi wa mjengo. Na mimi nimekula hapo, siwezi kudanganya. Mwaka uliopita niliweka video nikisema mwanaume asiye na kidevu anafaa alipe nusu nauli juu uso wake haujakamilika. Ilipata watazamaji wengi kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Kampuni ndogo ya mafuta ya ndevu ikanitafuta, ikanilipa. Hizo pesa mtaziona tena huku chini.

Mnisikie vizuri, sisemi utani wangu ulimziba mtoto hewa. Nasema tumefundishana kwamba taya ni sura, na hiyo akili haibaki TikTok. Inatembea na watu. Inaingia nayo kazini, inakaa kwa dawati, inashika kalamu.

Kwa sababu hii ndiyo ilifanyika. Huyo mtoto alihamishwa hospitali kubwa. Kulala kifudifudi kukamsaidia kidogo, halafu kukashindwa. Akawekwa mrija mwembamba unaopita puani mpaka nyuma ya ulimi, hewa ikapata njia. Maziwa yakapitia mrija mwingine. Wiki ya tano bado alikuwa na kilo 2.9, chini ya zile alizaliwa nazo, kwa sababu kupumua pekee kulikuwa kunamaliza nguvu yote. Wakapitisha kamera ndogo kuangalia njia yake ya hewa kutoka puani kwenda chini, wakaona shida iko hapo kwa ulimi na taya, kwingine kote kuko sawa. Daktari akaandika: arefushwe taya la chini. Karatasi ikaenda kwa bima ya kazi ya baba yake. Ikarudi na swali moja. Je, huu ni upasuaji wa urembo?

Mtoto wa wiki 5. Ana mrija puani ndio afike asubuhi. Urembo wa kwenda wapi, harusi ya nani?

Aliyeandika hilo swali simchukulii kama shetani. Ameona maneno "kurefusha taya", akafikiria kile sisi wote tunafikiria. Lakini kujibu swali lake kulichukua siku 11. Barua, mihuri, simu ambazo hazishikwi, "rudi Jumatatu". Siku 11 ni kitu kidogo kama unangoja kitambulisho. Ukingojea umeketi kando ya mtoto mwenye mashine inalia kila oksijeni ikishuka, si kitu kidogo.

Na huo upasuaji wenyewe, manze, ukielezwa mara ya kwanza unadhani ni hadithi. Wanakata mfupa wa taya pande zote mbili, kulia na kushoto. Wanafunga kifaa cha chuma kwa skrubu, kipande kimoja mbele ya mkato na kingine nyuma, na kijiti kidogo kinatokea nje ya ngozi. Wanangoja siku moja ama chache. Halafu kila siku mtu anageuza hicho kijiti kwa kifunguo, na vile vipande vya mfupa vinaachana kidogo sana, milimita 1 kwa siku, kwa watoto wachanga hata 2. Mwili ukiona pengo unaanza kulijaza na mfupa mpya. Ukivuta haraka sana mfupa haushiki. Ukivuta polepole sana unaungana kabla hujafika. Taya likisonga mbele linabeba ulimi pamoja nalo, na koo linafunguka. Ukishafika unaacha chuma kikae wiki kadhaa mfupa ugande, halafu unarudi kutolewa.

Hii akili ya kuvuta mfupa polepole ilitoka mbali na uso kabisa. Ni daktari wa Kisovieti, Gavriil Ilizarov, huko Kurgan, Siberia, miaka ya 1950, akitibu watu wenye miguu iliyovunjika vibaya. Aligundua mfupa ukivutwa taratibu unaota. Mwaka wa 1973 ikajaribiwa kwa taya la mbwa. Mwaka wa 1992 Joseph McCarthy na wenzake New York wakachapisha kazi yao ya kurefusha mataya ya watoto 4. Kwa hivyo mtu asikwambie hii ni kitu ya jana. Ni ya zamani kuliko wengi wenu mnaosoma hapa.

Binamu yangu alifundishwa kugeuza kifunguo mwenyewe, sista akisimama kando akihesabu naye. Asubuhi nusu milimita, jioni nusu milimita. Mara ya kwanza mikono ilitetemeka mpaka sista akamshika. Ya tatu alikuwa anaimba. Jumla siku 14. Siku ya saba wakatoa mrija wa puani, mtoto akalazwa chali, na hakukuwa na sauti yoyote. Hakulala huo usiku, yaani mama. Ule ukimya ulimtisha. Alikaa na kidole chini ya pua ya mtoto mpaka kukapambazuka, akihakikisha kuna upepo.

Nimeruka kitu hapo katikati na ndicho kimenifanya niandike. Wakati karatasi zinazunguka, kuna mtu alimwita pembeni akamwambia kuna njia nyingine, na hiyo ni nafuu. Trakeostomi. Wanatoboa shingo kwa mbele, wanaweka mrija, mtoto anapumulia hapo, taya linaachwa vile liko mpaka akue. Na kusema ukweli, kwa bili ya hospitali ni nafuu. Kile kifaa cha taya pekee kilikuwa zaidi ya kodi ya nyumba yao ya miaka 3.

Lakini kitanda cha kando kulikuwa na mama mwenye mtoto aliyetobolewa shingo tayari. Yeye ndiye alimfungulia macho. Ule mrija unajaa makamasi, na mtoto hawezi kukohoa kama mimi na wewe, kwa hivyo lazima uyafyonze kwa mashine, mchana na usiku, na zaidi akiwa na homa. Mashine inataka stima. Mrija ukiziba una dakika, si masaa. Na mtoto akilia hutasikia, kwa sababu hewa inatokea shingoni kabla ya kufika kwa sauti. Fikiria hiyo. Unaoga, unaanika nguo, unageuka nyuma kuangalia kama analia, kwa macho, kwa sababu masikio hayakusaidii. Huyo mama alikuwa amekaa wodini miezi 4, na sehemu ya miezi hiyo hakuwa akingoja dawa wala daktari. Alikuwa anangoja kwao kupatikane mashine na stima ya kuaminika. Mtoto alikuwa tayari kwenda nyumbani. Nyumba ndiyo haikuwa tayari.

Sasa ichukue hiyo uilete kwa ploti yetu. Chumba kimoja, jiko la makaa mlangoni, vumbi ya barabara ambayo wamechimba tangu uchaguzi. Tokeni inaisha saa nane usiku na simu iko na salio la kununua tokeni ya shilingi 50. Binamu yangu anauza mitumba ya watoto. Akikaa nyumbani na mashine, duka limefungwa. Nani atashikilia mtoto akienda choo cha nje? Jirani atafundishwa kufyonza na nani? Hizi vitu haziko kwa ile karatasi iliyosema "nafuu". Hospitali imehesabu mpaka getini kwake, ikafunga kitabu, na kutoka hapo ni mama anaendelea kulipa, miezi, pengine miaka.

Sitaki mtu aelewe vibaya. Trakeostomi inaokoa watoto, na kuna wale ambao haina mbadala, wale shida yao iko chini zaidi kwa koo, ama iko sehemu kadhaa kwa mpigo. Kwa hao kurefusha taya kunaweza kusifue dafu. Ndiyo maana ile kamera ya kwanza ni ya lazima. Lakini kwa mtoto ambaye tatizo ni taya na ulimi tu, tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha zaidi ya 9 kati ya 10 wanaorefushwa taya wanaepuka kutobolewa shingo. Mkichagua lile tundu kwa sababu ya bei pekee, semeni ni bei. Msimwambie mama ni sawa tu.

Nilipoanza kuandika hii posti kichwani ilikuwa kali zaidi. Nilitaka kusema kila mtoto mwenye taya kama hilo apelekwe thieta kesho. Binamu yangu ndiye alinipunguza. Kwa wodi hiyo hiyo aliona mtoto mwingine mwenye kidevu kama cha wake, akalazwa kifudifudi wiki mbili, akaanza kunona, akaenda nyumbani hajakatwa popote. Wengi wako hivyo. Wengine wanahitaji mrija wa puani wiki kadhaa mpaka wakue kidogo. Ujerumani, Tübingen, kuna madaktari wanaotengeneza kipande cha plastiki kinachokaa kwa kaakaa na mkia unaosukuma ulimi mbele, bila kukata mfupa. Madaktari wenyewe wanabishana nani akatwe na lini. Na kukata kuna bei yake ya mwili: kovu, ukungu wa meno ambao bado haujaota unaweza kuguswa, mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya unaweza kuumia, kidonda kinaweza kuoza. Kwa hivyo ninachodai ni mtoto apimwe na watu wanaojua, mapema, na kile wameona kinafaa kifanyike bila mtu kuuliza kama ni urembo.

Kwa sababu pia nimeona mwisho wa hiyo barabara kama hakuna anayepima. Shule ya msingi, darasa la 6, tulikuwa na kijana tulimwita Bata. Alianguka kutoka mpera akiwa mdogo, akatua na kidevu. Kikapona, au hivyo ndivyo walidhani. Polepole mdomo ukaanza kukataa kufunguka. Tulipokuwa naye alikuwa anaingiza ugali kwa pengo la jino, anausukuma kwa kidole, kidogo kidogo, na sisi tunamwangalia kama sinema. Taya halikuwa limekua, uso ulikuwa umebaki wa mtoto. Na alikuwa analala darasani. Kila siku. Mwalimu alimwita mvivu, alisimamishwa kona, alichapwa. Sisi tukacheka.

Saa hii nikisoma kuhusu kiungo cha taya kugandana baada ya mtoto kuangukia kidevu, ama baada ya maambukizi ya sikio, namwona Bata waziwazi. Kiungo kikiganda, taya linaacha kukua. Lisipokua, ulimi unakosa nafasi, na usiku njia ya hewa inaziba na kufunguka, inaziba na kufunguka. Mtu hajalala. Anasinzia mchana kwa sababu usiku alikuwa vitani. Hao nao wanasaidiwa, kiungo kinafunguliwa na taya linarefushwa, akili ile ile ya kijiti na kifunguo. Na wengine hawangefika hapo kama ule mvunjiko wa kwanza ungeonekana mapema na mtoto akafanyishwa mazoezi ya kufungua mdomo. Alihama kabla ya KCPE. Hatukuwahi kumuuliza chochote.

Kuna kitu nimekuwa nikifikiria kuhusu mdomo uliopasuka. Hapo Kenya imejaribu. Mashirika kama Smile Train yanalipia upasuaji, wazazi hawatoi chochote, na mabango yanawekwa mpaka hospitali za mashinani. Nafurahi sana. Lakini sehemu ya sababu, kwa maoni yangu, ni picha. Picha ya kabla na baada inajiuza yenyewe, mtu anaona mtoto amebadilika anatoa pesa. Taya la mtoto mchanga halina hiyo picha. Baada yake ni mtoto amelala, kimya. Utapigaje picha ya mtoto ambaye hakoromi?

Kwa hivyo hili ndilo naomba, na naomba kwa sauti. Bima yoyote, ya kampuni ama ya serikali, iandike kwa maneno ambayo karani anaelewa bila kupiga simu: kurefusha taya kwa mtoto anayekosa hewa ni matibabu ya kupumua, na kifaa chake kimo, kama vile skrubu za mguu uliovunjika zimo. Tangu Oktoba 2024 mshahara wa kila aliyeajiriwa unakatwa asilimia 2.75 kwenda SHA. Ni haki yetu kuuliza maswali madogo madogo kama haya, tena kwa mistari, si kwa hotuba. Na pale trakeostomi ni lazima, mashine ya kufyonza iende nyumbani na mtoto, na mafunzo kwa mtu wa pili mbali na mama. Mtu wa pili, nasisitiza. Baba, shosho, hata mimi.

Kwenu wenye watoto, ama dada zenu wanazaa, ama mko kwa grupu za familia zenye watoto wachanga. Mtoto mdogo akipumua kwa kelele akiwa amelala, ngozi chini ya mbavu ikivutwa ndani kila pumzi, kunyonya kukimchukua zaidi ya nusu saa na bado hashibi, maziwa yakitokea puani, uzito ukikataa kupanda, mpelekeni akaangaliwe, na semeni hayo maneno moja kwa moja. Midomo ikiwa buluu msingoje boda ya bei rahisi. Na msianze kuwalaza watoto kifudifudi nyumbani kwa sababu mmesoma hapa. Mtoto mzima analazwa chali, hiyo ndiyo salama. Kifudifudi ni agizo la daktari kwa mtoto anayechungwa.

Sisi tulichanga. Grupu ya vicheko ikageuka grupu ya mchango, M-Pesa zikaingia usiku kucha, bima ikalipa sehemu baada ya zile siku 11. Pesa za mafuta ya ndevu nilizituma zote. Sijui kama hiyo inahesabika kama sadaka ama faini.

Mtoto sasa ana mwaka na miezi 3. Kaakaa limefungwa mwezi uliopita, anakula uji kama amelipwa, na ana makovu mawili madogo chini ya taya, moja kila upande. Shosho bado anasema ni kidevu cha guka, ila kimevutwa kidogo. Ile video ya nusu nauli nimeitoa kwa ukurasa wangu, kwa hivyo mkiitafuta msisumbuke. Ile ya sekunde 14 nimebaki nayo. Binamu yangu ndiye alikataa niifute, alisema kuna mama mahali anasikia hiyo sauti saa hii na anadhani ni ya kuchekesha. Ukitaka kuisikia nitumie ujumbe, nitakutumia hata kama ni usiku.